Picha Pacha na Makasha Yake ya Kukunja

Ukifungua sanduku la picha za wazee ukakuta kadi ngumu yenye picha mbili zinazofanana, moja kushoto na nyingine kulia, nakuomba usiikate. Wala usichukue upande mmoja ukaurusha mtandaoni ukidhani ule mwingine ni marudio. Jambo hili nimeliona mara nyingi mno, hata kwenye ukurasa wa taasisi moja inayotunza picha za kale za mwambao wetu: nusu imewekwa, nusu imeachwa nje, na maelezo chini yake yanasema tu kwamba ni picha ya mtaa. Aliyeipiga alipata taabu mara mbili kwa makusudi, nasi tunamtupia nusu ya kazi yake.

Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, kisha fumba jicho moja, ufumbue, ufumbe la pili. Kidole kinahama. Macho ya mtu mzima yameachana kwa sentimita sita na nusu hivi, kwa hiyo kila jicho linaiona dunia kutoka mahali pake. Ubongo unapokea habari mbili na kutoa kitu kimoja chenye kina: hiki kiko mbele, kile kiko nyuma, na katikati pana nafasi. Picha pacha zimepigwa kwa kufuata hesabu hiyo. Stirioskopu ndiyo chombo cha kuzitazamia; inalipatia jicho la kushoto picha ya kushoto na la kulia picha ya kulia, na ghafla karatasi inakuwa na ndani.

Haya niliyajua kwa macho kabla ya kuyasoma popote. Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani kutokana na picha za anga, hapa Dar es Salaam, tangu nikiwa binti hadi nilipostaafu. Ramani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000, zile ambazo wapima ardhi wanaziita Y742, zilianza kwa ndege kuruka mistari iliyonyooka na kupiga picha moja baada ya nyingine, kila picha ikifunika takriban asilimia 60 ya eneo la picha iliyotangulia. Kwa hiyo kila kilima kilionwa mara mbili, kutoka pembe mbili. Waingereza waliunda idara maalumu ya kupima makoloni yao mwaka 1946, chini ya Martin Hotine, na sehemu kubwa ya ramani tulizorithi zilipitia mikononi mwa watu wake. Tulichokuwa nacho mezani ni stirioskopu ndogo ya mfukoni: lenzi mbili kwenye kibamba, na miguu ya chuma inayokunjwa chini yake. Ukimaliza unaikunja, unaitia mfukoni, unakwenda nayo porini kuhakiki.

Mzee aliyenifundisha hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliweka picha mbili za milima ya Uluguru mezani, akasimamisha kile chombo juu yake, akaniambia nitazame.

"Mzee, naona picha mbili."

"Usikodoe, binti. Legeza macho. Tazama kana kwamba meza haipo, unatazama chini kabisa."

"Bado ni mbili."

"Subiri. Zitakuja zenyewe."

Zikaja. Milima ikainuka kutoka kwenye karatasi ikanijia usoni, mirefu kuliko ilivyo kweli, kwa sababu ndege ilikuwa imesogea mbali sana kati ya picha na picha, kana kwamba ninaitazama nchi kwa macho yaliyoachana kilomita kadhaa. Nikarudi nyuma bila kutaka. Yeye akanyoosha mkono, akabadilisha picha, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, akaniambia nitazame tena. Safari hii mabonde yalikuwa yamegeuka matuta, na mto Ngerengere ulipita juu ya mgongo wa ardhi. "Umeona?" akasema. "Kila moja ina jicho lake."

Ndiyo maana, kompyuta zilipokuja na vyombo vile vikaenda stoo, mimi niliendelea kuvifuatilia. Nilitaka kujua vilitoka wapi. Na kilichoniteka kuliko vyote ni vile vya kukunja vya mwanzo kabisa, vya miaka ya 1850.

Mwanzo wake ni mapema kuliko picha zenyewe. Mwaka 1838 Charles Wheatstone, profesa wa King's College London, alieleza mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, chombo chenye vioo viwili vilivyowekwa kwa pembe, kimoja mbele ya kila jicho, na michoro miwili pembeni, mmoja kushoto na mmoja kulia. Michoro ilikuwa ya mistari tu, kwa kuwa Mfaransa Daguerre alikuwa hajautangazia ulimwengu ufundi wake wa kupiga picha. Hilo lilitokea Paris mwaka 1839. Ile stirioskopu kubwa ya vioo tuliyokuwa nayo ofisini, isiyobebeka, ilikuwa mtoto halali wa chombo cha Wheatstone. Kisha Mskoti David Brewster, mwaka 1849, akaja na kisanduku chenye lenzi mbili badala ya vioo. Kikatengenezwa Paris na Jules Duboscq, kikaonyeshwa kwenye Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851, Malkia Victoria akakipenda, na baada ya hapo kila mwenye fedha akakitaka.

Kisanduku cha Brewster kilikuwa kizuri, kimetengenezwa kwa mbao za mkangazi au mjozi, lakini kilikuwa fanicha. Kilikaa sebuleni. Picha ziliwekwa mahali pengine, kwenye droo au kwenye boksi lake. Na hapo ndipo ulipo mzizi wa tatizo nililoanza nalo: picha na chombo chake vikikaa mbalimbali, siku moja vitapotezana. Mwenye nyumba akifa, kisanduku kinakwenda kwa huyu, kadi zinakwenda kwa yule, na mjukuu anabaki na kadi asizojua zinataka nini.

Wapiga picha wa dagerotipu walilitatua jambo hili mapema, na waliweza kwa sababu ya asili ya picha zao. Dagerotipu haipo kwenye karatasi. Ni bamba la shaba lililopakwa fedha, likasuguliwa mpaka likawa kioo cha kujitazamia, likapewa mvuke wa iodini ili lisikie mwanga, likatiwa kwenye kamera, kisha likafukizwa kwa zebaki ili taswira ijitokeze. Hakuna negativu, yaani kioo au filamu ya kuchapia nakala nyingine. Bamba unaloshika ndilo lililokuwa ndani ya kamera siku ile, mbele ya mtu yule. Uso wake ni laini kiasi kwamba ukipitisha kitambaa mara moja unaondoka na shavu la mtu. Ukiliacha wazi, fedha inaliwa na hewa na kugeuka rangi kuanzia pembeni. Kwa hiyo tangu mwanzo dagerotipu ilifunikwa kioo, ikabanwa kwa fremu nyembamba ya shaba ya njano, ikazibwa kwa karatasi pembezoni, ikawekwa ndani ya kikasha cha ngozi chenye bawaba na ndoano, upande wa pili ukiwa na mahameli au hariri. Kasha lilikuwepo tayari. Ilibaki mtu wa kulitia lenzi.

Mtu huyo huko Marekani alikuwa John F. Mascher wa Philadelphia. Hati yake ya ugunduzi ni ya tarehe 8 Machi 1853. Alichofanya ni kuongeza ubao mwembamba ndani ya kifuniko, wenye lenzi mbili. Ukilifunga, ni kasha la kawaida, linaingia kwenye mfuko wa koti. Ukilifungua, kifuniko kinasimama wima, ule ubao unajitokeza na kukaa sambamba na picha mbili zilizolala upande wa chini, na urefu wa kifuniko ndio unaoweka umbali kati ya lenzi na picha. Hakuna cha kupima wala cha kurekebisha. Unasogeza uso, basi. Mwaka huohuo London, William Edward Kilburn alitoa kasha lake la ngozi la kukunja kwa kazi hiyohiyo. Kilburn ndiye aliyepiga dagerotipu za mkutano wa Wachartisti pale Kennington Common tarehe 10 Aprili 1848, umati wa wafanyakazi waliodai haki ya kupiga kura. Picha zile sasa zimo kwenye mkusanyiko wa familia ya kifalme ya Uingereza.

Kasha la namna hii nimelishika mwenyewe, London, kwa muuzaji mmoja wa vitu vya kale ambaye alinitazama kwanza nilivyoshika stirioskopu nyingine ya bei rahisi kabla ya kulitoa hili kabatini. Ngozi nyekundu iliyokolea, imechakaa kwenye kona. Ndani, mwanamke ameketi kando ya meza yenye kitambaa cha mezani. Kwa jicho moja hakuna unachopata zaidi ya sura ngumu ya mtu aliyeambiwa asitikisike, na mara nyingi hata sura huioni, kwa kuwa bamba ni kioo na linakurudishia paji la uso wako. Unahitaji kuligeuzageuza kidogo dirishani mpaka kivuli cha kifuniko kiangukie mahali pake. Kisha unaleta macho kwenye lenzi, unalegeza kama alivyosema Mzee, na meza inasogea mbele. Mkono wake uko juu ya meza kweli, kiwiko kiko nyuma ya mkono, kifua nyuma ya kiwiko, na lesi ya shingoni imesimama mbali na ngozi kwa unene wa uzi. Mashavu yametiwa wekundu wa unga kwa brashi. Kwenye pete fundi amechoma bamba kwa ncha ya sindano na kutia dhahabu, ili ing'ae. Na kwa kuwa kila jicho linapata mng'ao wa fedha kwa namna yake, nguo ya hariri inameremeta kwa namna ambayo karatasi haijawahi kuiweza. Nimetazama picha pacha maisha yangu yote ya kazi, mabonde na mashamba na paa za Kariakoo kutoka juu, lakini mtu aliyefariki miaka mingi kabla ya bibi yangu kuzaliwa hakuwahi kuketi mbele yangu hivyo.

Kuna ufundi mmoja ndani ya makasha hayo ambao nauheshimu sana, kwa sababu najua ni rahisi kuukosea. Dagerotipu hugeuza pande kama kioo: pete ya mkono wa kushoto inaonekana mkono wa kulia, vifungo vinahamia upande wa pili. Ukigeuza pande za picha, unageuza na macho pia. Kwa hiyo bamba lililopigwa kutoka upande wa kulia lilitakiwa liwekwe kushoto ndani ya kasha, na la kushoto liwekwe kulia. Fundi akisahau, pua inazama ndani ya uso na ukuta wa nyuma unakuja mbele, kama mto wetu ulivyopanda juu ya tuta. Na mwanzoni mafundi wengi walikuwa na kamera ya lenzi moja: walipiga, wakaisogeza kamera pembeni, wakapiga tena, huku yule mtu akishikilia pumzi na mkao wake. John Benjamin Dancer wa Manchester alipata hati ya kamera ya lenzi mbili mwaka 1856 tu. Picha za karatasi nazo zilikuwa na hesabu yake: ukichapisha moja kwa moja kutoka negativu ya kamera ya lenzi mbili, nusu zinatoka zimebadilishana, kwa hiyo mchapishaji alizikata na kuzibandika upya kila moja kwa upande wake. Mkasi ulipita mara moja, mikononi mwa anayejua, na ukatosha.

London pia alikuwepo Antoine Claudet, Mfaransa, ambaye naamini hakuna aliyeuchukulia ufundi huu kwa uzito kama yeye. Alipiga picha pacha za familia nzima zimeketi, watu wanne watano kwenye bamba dogo, kila mmoja kwenye kina chake. Alifariki Desemba 1867, na haikupita hata miezi miwili studio yake ya Regent Street ikaungua, pamoja na idadi kubwa ya picha zake. Nikifikiria kwamba kila bamba lilikuwa moja tu duniani, bila negativu, naona uchungu kwa moto ule hadi leo.

Baada ya hapo karatasi ikashinda, na sitaikawiza habari hii, maana ndiyo inayojulikana zaidi. London Stereoscopic Company iliuza kadi kwa wingi wa ajabu. Marekani, daktari Oliver Wendell Holmes alitengeneza stirioskopu nyepesi ya mkononi mwanzoni mwa miaka ya 1860, akakataa kuichukulia hati, na Joseph Bates wa Boston akaitengeneza kwa ajili ya kuuza. Ndiyo ile ya mbao, yenye mpini chini na kishikizo cha kadi kinachosogezwa mbele na nyuma. Ya baadaye ina kofia ya alumini na ukingo wa mahameli, na mpini wake unakunjwa. Kampuni za Underwood & Underwood na Keystone zilituma wapiga picha kila pembe. Theodore Roosevelt alipokuja Afrika Mashariki kuwinda mwaka 1909, kadi pacha za safari ile ziliuzwa Marekani. Nimeziona baadhi. Zina kina, lakini kina kinachomweka mwindaji mbele na wapagazi nyuma, na mtu akizitazama alitazame na hilo.

Vya kukunja havikufa. Vilirudi vikiwa vya bati. Kati ya vita vikuu viwili, kampuni ya sigara ya Cavanders huko Uingereza ilitia picha pacha ndogo kwenye pakiti zake, mfululizo ulioitwa Peeps into Many Lands, na kifaa cha kuzitazamia kilichoitwa Camerascope kilikuwa bamba la chuma linalokunjuka kuwa kisanduku kisha kulala bapa tena. Ninacho kimoja. Alinipa jirani yetu wa Tanga, bibi mshonaji ambaye mumewe alifanya kazi bandarini na kuletewa na mabaharia vitu vya kila aina. Bibi yule alikuwa amekitia ndani ya kopo la vifungo na hakuwahi kuambiwa ni cha nini. Nilipokikunjua mbele yake nikamwekea kadi, alikaa kimya kidogo, akasema, "Mwanangu, mbona hawa wanatembea ndani?" Picha haitembei, lakini nilimwelewa. Kina humpa mtu hisia kwamba pale pana njia.

Ujerumani, Otto Schönstein na kampuni yake ya Raumbild-Verlag walirudi kwenye wazo la Mascher kwa njia nyingine: kitabu kinene ambacho ndani ya jalada lake kuna mifuko ya picha pacha na kifaa cha chuma cha kukunja cha kuzitazamia. Maarufu zaidi ni kile cha Michezo ya Olimpiki ya Berlin ya 1936. Kama ubunifu, ni kitu kimoja kisichopotezana. Kama historia, ni kazi iliyotumiwa kuupamba utawala wa Nazi, na ninaposhika kitabu kama kile sikipi sifa zaidi ya bawaba zake.

Sasa nije kwetu, maana ndiko ninakotaka kufika. Mwaka 1860, John Hanning Speke na James Augustus Grant walipita Unguja wakielekea bara kutafuta chanzo cha Nile. Seyyid Majid ndiye aliyekuwa akitawala. Grant alikuwa na kamera, na picha alizozipiga mjini ni picha pacha. Ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa tulizonazo za upande huu wa Afrika. Ufundi haukuwa dagerotipu tena bali kolodioni ya majimaji: unapaka kioo dawa gizani, unakipiga kikiwa bado kimelowa, unakisafisha papo hapo kabla hakijakauka. Fikiria kufanya hivyo ndani ya hema jeusi, lililofungwa kila upande, kwenye joto letu. Bara waliacha. Speke alieleza kwamba joto la ndani ya hema lingemmaliza mwenzake, na Grant akaendelea kwa penseli na rangi za maji. Kwa hiyo kina kilichopigwa kwenye msafara ule kiliishia pwani, Unguja.

Na picha za namna hii ndizo zinazokatwa. Mtu anayeandika kuhusu Unguja ya kale anahitaji kielelezo, anachukua nusu ya kushoto kwa kuwa ni safi zaidi, anaitia kitabuni. Lakini mji wa mawe ni mji wa kina. Vichochoro vyake, baraza zinazotokeza, mlango uliozama ndani ya ukuta mnene, kivuli kinachoanza hatua tatu ndani: yote hayo kwenye picha bapa yanakuwa madoa meusi na meupe. Ukiwa na nusu zote mbili unaweza kusema ukuta upi uko mbele ya upi, baraza imetokeza kiasi gani, mtu amesimama mlangoni au ng'ambo ya mlango. Mimi nilikuwa nikilipwa kusoma mambo kama hayo kutoka angani. Anayejenga upya nyumba iliyoanguka, au anayebishana mtaa ulipita wapi, ana ushahidi ndani ya jozi ambao hawezi kuupata ndani ya moja.

Kama unatunza picha za aina hii, iwe nyumbani, msikitini, shuleni au kwenye maktaba ya mkoa, zipige skana nzimanzima, kadi yote pamoja na kingo zake na maandishi ya nyuma, katika faili moja. Usinyooshe nusu moja bila nyingine. Ukiziweka mtandaoni, ziweke zote mbili. Atakayetaka moja atajikatia kwenye nakala yake.

Kuzitazama hakuhitaji mnada wa London. Ziweke kwenye simu, zipunguze mpaka katikati ya nusu ya kushoto na katikati ya nusu ya kulia paachane kwa sentimita sita hivi, isizidi umbali wa macho yako. Simamisha kipande cha boksi kutoka puani hadi katikati ya kioo ili kila jicho lione chake. Tazama mbali, kana kwamba simu ni dirisha. Ukitaka raha zaidi, tafuta miwani ya kusomea ya namba +4, zile zinazouzwa barabarani. Lenzi zake zinatulia vizuri kwa umbali wa sentimita 25, na hapo tayari unayo stirioskopu. Wapo watu ambao macho yao hayaunganishi kabisa, hata wakisubiri, na si kosa lao. Wasilazimishwe mpaka waumwe kichwa.

Na ukibahatika kukuta cha kale cha kukunja, ukikinunua au ukikirithi, angalia bawaba kabla ya kitu kingine, kwa kuwa ngozi kuukuu huwa unga palepale inapokunjwa. Kifungue polepole, usikilazimishe kulala bapa. Lenzi zenye ukungu wa huku kwetu zinafutika kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kwa nje tu. Kama picha mbili zinagoma kuungana kwenye kisanduku cha aina ya Brewster, huenda kuna aliyewahi kuzitoa lenzi akazirudisha vibaya: nyingi ni nusu za lenzi iliyokatwa, na upande mnene unatakiwa uelekee sikioni, ule mwembamba puani. Hilo unaweza kurekebisha mwenyewe. Lakini ndani kukiwa na bamba la dagerotipu, usivunje ile karatasi ya pembezoni kwa sababu yoyote, hata kioo cha juu kikiwa na matone au ukungu. Kifunge, kiweke mahali pakavu pasipo jua, kikilala, na umtafute mhifadhi wa makumbusho anayezifahamu picha za fedha. Ukikosa aliye karibu, kiache kimefungwa mpaka umpate.